Wa Mwisho Kwenye Orodha

Ukitaka kumkasirisha Mwenyekiti, mpe kiti cha mbele. Nimemwona akipewa kiti cha mbele kanisani, kwenye harusi, na siku moja mbele ya mgeni wa serikali aliyekuja Kitale kututembelea. Kila mara alishukuru kwa heshima zote, akakipita kile kiti, akaenda kukaa nyuma kabisa karibu na masufuria. "Huku nyuma ndio mtu anajua kama chakula itatosha," alisema. Mimi nilidhani ni unyenyekevu wa kujionyesha. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa anasema jambo analoliamini, na kwamba kamati yetu nzima ilisimama juu ya jambo hilo.

Tulikuwa kamati ya kujitolea ya nishati safi, watu kumi na wawili wa mtaa mmoja. Jina ni kubwa lakini kazi yenyewe ilikuwa ya mikono. Kila Jumamosi tulikwenda nyumbani kwa mtu mmoja anayepikia mafiga matatu, tukamjengea jiko la matofali na udongo wa kichuguu, jiko linalokula kuni chache na lenye bomba la kutoa moshi nje. Mwenye nyumba alitafuta matofali na mabati makuukuu. Sisi tulileta nguvu. Bomba lilikuwa kazi yangu, kwa sababu nina kibanda cha kuchomelea vyuma karibu na soko, na mkunjo wa bati naujua hata nikifumba macho.

Niseme ukweli tangu mwanzo: niliingia kamati nikitafuta biashara. Nilipiga hesabu kichwani kwamba mtaa una majiko mengi, na kila jiko linataka bomba. Wazazi wangu walihamia Trans-Nzoia kutoka Kenya ya kati, wakalima na kuuza, na mimi damu hiyo ninayo, sioni haya. Kwenye mkutano wa kwanza nikasimama, nikajikohoza, nikasema mabomba nitayatengeneza kwa bei nzuri.

Mwenyekiti akaacha kuchambua maharagwe. Mikutano yetu ilifanyika jikoni kwake, na hakuna aliyewahi kukaa humo mikono mitupu.

"Fundi," akasema, "wewe uko kamati ama uko duka? Chagua kiti moja, baba."

Watu wakacheka mpaka maharagwe yakamwagika. Hiyo ndiyo ikawa sheria ya kwanza: mtu wa kamati haiuzii kamati. Nilibaki kwa hasira tu. Nilijiambia nitangoja ang'olewe, kisha sheria yake tuitupe. Hakung'olewa, nami sikuondoka, na siku moja nikajikuta namfokea fundi mwenzangu aliyetaka kutuuzia misumari kupitia mlango wa nyuma.

Mwenyekiti alikuwa amepika katika shule ya bweni karibu maisha yake yote ya kazi. Hilo lilionekana kwenye mikono yake, mipana na yenye misuli, na lilisikika kwenye sauti yake, kwa maana mtu aliyezoea kuita juu ya mvuke wa githeri ya watoto mia kadhaa hajui kunong'ona. Siri zake zote za kamati zilisikika mpaka barabarani. Macho yalikuwa mekundu daima. Mtu asiyemjua angedhani ametoka kulia, au ametoka kunywa, na yeye alipenda wadhani hivyo kwa sababu mazungumzo yalianza haraka. Alizaliwa upande wa Bungoma, na ulimi wake haukuhama kuja Kitale. "Fundi, halaka ya nini?" aliniuliza kila nilipotazama saa, nami nikamjibu "halaka ya kazi, Mwenyekiti," akanifukuza na kitambaa cha mezani.

Kutoka shuleni alibeba kitu kimoja tu kama kumbukumbu: mwiko. Mwiko wenyewe ulikuwa mrefu kumzidi mtoto wa nasari, mweusi mpini, mweupe ncha. Aliutembeza kila mahali. Kazi yake niliiona siku kijana mmoja wa mauzo alipokuja na jiko la kupikia kwa jua. Lilikuwa jiko la kuvutia, linang'aa, lina miguu myembamba kama ya korongo. Kijana alikuwa amevaa tai. Alitueleza mambo ya mionzi na nyuzi joto kwa Kiswahili cha vitabu, na mimi nilikubali kila neno.

"Iko sawa," Mwenyekiti akasema. "Sasa songa ugali."

"Mama, hili ni la kuchemsha na kuoka."

"Nimesikia. Songa ugali ya watu nane."

Kijana akavua tai. Maji yalichelewa lakini yakachemka, unga ukaingia, na mambo yalikuwa mazuri mpaka ugali ulipoanza kukaza. Alipousukuma mwiko mara ya tatu, miguu ya korongo ikapiga magoti. Sufuria ikaenda huku, kijana akaenda kule, na kuku wa Mwenyekiti wakala ugali kwa jua. Tulicheka tukashikana. Yeye alikuwa wa kwanza kumwinua yule kijana, akamfuta unga kwenye shati, akampa chai na viazi, akamwambia bila kejeli yoyote: "Jiko yako si mbaya. Lakini mama wa hapa anapigana na ugali kila siku, na jiko lazima isimame kwa hiyo vita. Rudi na miguu nono." Kijana alirudi baada ya miezi kadhaa na miguu minene, na lile jiko sasa linachemshia maji zahanati moja tunayoijua.

Alikuwa na namna yake ya kuingia kwenye jiko la mtu. Wengine wetu tulipofika tulianza kukohoa kwa madoido na kupunga mikono, tukasema "moshi huu utawaua". Yeye alituzuia mlangoni. Aliingia peke yake, akaomba kigoda, akakaa palepale moshi ulipokaa, akasaidia kumenya chochote kilichokuwa kinamenywa. Machozi yalimtoka yeye na mwenye nyumba pamoja. Habari za jiko jipya hazikutajwa mpaka mwenye nyumba azitaje mwenyewe. "Usimwambie mtu moshi ni mbaya," alitufundisha. "Anajua. Yeye ndiye analala nayo. Wewe umekuja jana na shati safi."

Nisimfanye malaika. Alichelewa kila mahali kwa sababu alimsalimia kila mtu njiani na kungoja jibu kamili, kisha akifika alitugombeza sisi tuliomngoja. Sala yake ya kufungua mkutano ilikuwa ndefu kuliko mkutano. Alihubiri dhidi ya makaa mwaka mzima, lakini mahindi mabichi yakianza kuchomwa kando ya barabara ya kwenda Kiminini, hakuna mtu aliyeweza kumpitisha pale. Nilimfumania mara nyingi akiwa amesimama juu ya jiko la makaa, shavu limejaa.

"Mwenyekiti, makaa hayo!"

"Hii si kupika," alijibu huku anatafuna. "Hii ni kuchoma."

Lakini kitu cha kushangaza kuliko vyote kilikuwa jiko lake mwenyewe. Mwenyekiti wa nishati safi ndiye aliyekuwa na jiko jeusi kuliko yote mtaani. Kuta zilikuwa na masizi ya kukwangua. Dari lilining'inia nyuzi za moshi. Alipikia mafiga matatu, na sababu ilikuwa sheria yake ya pili.

Sheria hiyo ilihusu orodha. Majina ya wote waliotaka jiko yaliandikwa kwa penseli kwenye daftari la shule, kwa kufuata nani amezidiwa: mgonjwa wa kifua kwanza, mwenye mtoto mchanga, mzee anayeishi peke yake, kisha wengine. Watu wa kamati waliandikwa chini ya wote. Na anayetunza daftari alikuwa chini ya watu wa kamati, wa mwisho kabisa, ili asiwepo mtu wa kusema kwamba penseli yake ina upendeleo. Wa mwisho ndiye anayeshika orodha. Yeye alijiandika wa mwisho, akachukua daftari, akalitia kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia na kuutundika nyuma ya mlango.

Mimi nilibishana naye juu ya hilo kwa miaka. Nilimwambia kiongozi anatakiwa kuonyesha mfano. Watu wanaona moshi unatoka kwako wanasema, si hata mwenyewe haitaki hiyo jiko yake? Mke wangu, ambaye jina lake lilikuwa pale chini pamoja na langu, aliniunga mkono kwa sauti kubwa sana.

"Wacha waseme," Mwenyekiti alijibu. "Wakisema siitaki, nitawaonyesha daftari. Lakini wakisema nimejianzia, nitawaonyesha nini?"

Nilirudi kibandani nikapiga bati kwa hasira. Siku walipokuja wageni wa shirika fulani na kamera, wakitaka picha ya jiko la zamani kabla ya jipya, walielekezwa kwa mjane mmoja aliyekuwa amejifungia ndani kwa aibu. Mwenyekiti aliwageuza palepale njiani. "Mkitaka jiko chafu, njooni kwangu," akasema. Wakampiga picha katikati ya masizi yake, ameshika mwiko, anacheka meno yote nje. Sijui waliandika nini chini ya picha ile. Yule mjane alijengewa jiko Jumamosi iliyofuata bila picha hata moja.

Sasa nieleze kosa letu kubwa, kwa sababu bila hilo hutamjua.

Hapa kwetu ni nchi ya mahindi. Mbegu ya shamba kubwa watu hununua dukani, lakini karibu kila nyumba ina kipande kidogo cha mbegu ya nyumbani, ile ya zamani, tamu kwa kuchoma, isiyouzwa popote. Magunzi yaliyochaguliwa, yakiwa na punje zake, hufungwa kwa maganda yake mawili mawili na kutundikwa juu ya mafiga mpaka msimu wa kupanda. Kila mtu anajua hivyo. Mimi nimekua chini ya mahindi hayo. Na bado, sisi watu kumi na wawili tulijenga majiko msimu mzima, tukautoa moshi nje kwa bomba, tukapigiwa makofi, na hakuna hata mmoja aliyeinua macho juu.

Wakati wa kupanda ulipofika, watu wakashusha mbegu zao. Zilikuwa unga. Fukusi, wale wadudu weusi wa mahindi, walikuwa wamekaa humo kwa raha zao, hakuna moshi wa kuwasumbua. Wakaja kwetu wakiwa na magunzi mikononi. Wengine walicheka kwa uchungu, wengine hawakucheka. Mama mmoja aliweka gunzi mbele ya Mwenyekiti na kusema kwamba mbegu ile alipewa na mama yake siku anaolewa, na sasa imekwisha.

Mimi nilikuwa na maelezo mazuri. Nilitaka kusema afya ni bora kuliko gunzi. Mwenyekiti alinikanyaga mguu.

"Ni sisi," akasema. "Tulifukuza moshi, hatukuuliza moshi ilikuwa inafanya kazi gani. Tusameheni."

Kisha akainua kichwa kuangalia dari lake jeusi. Pale juu palikuwa na magunzi yake kumi au kumi na mawili, mazima, yamekauka, yanang'aa kwa masizi. Akayashusha yote, akampa nusu yule mama aliyepoteza mbegu ya mama yake, na nusu nyingine akaigawa punje kwa punje kwa waliobaki. Walipovuna, aliwaambia walete mbegu yao kwake. "Mimi bado niko na moshi," akasema. "Moshi yangu inatosha mtaa."

Ndivyo jiko lake lilivyogeuka. Ukiingia ulilazimika kuinama, magunzi yalikuwa yamening'inia kila mahali, meupe, mekundu, ya rangirangi, kila fungu limefungwa uzi wa rangi yake ili wenyewe wayatambue. Nyuzi alizitoa kwa fundi cherehani jirani. Lilikuwa jiko zuri kuliko kanisa letu siku ya Krismasi, nasema hivyo na mchungaji anajua. Watu walikuja kutembelea mbegu zao. Walikaa, wakamenya, wakasimuliana, wakamwachia kuni. Yeye alikaa katikati ya yote hayo akichochea moto, kwa sababu sasa ilibidi moto uwake hata asipopika. Akaanza kukohoa.

Kikohozi kile nilikisikia kutoka kibandani kwangu. Kilikuwa kikavu, kilimshika katikati ya neno na kumwacha ameshika ukuta. Daktari wa zahanati alimwambia wazi: ama aache moshi, ama moshi utamwacha yeye bila mapafu. Alimshukuru daktari, akarudi, akachochea. Nilimsihi. Kamati nzima ilimsihi. Alituuliza ni nani kwenye daftari tumwondoe ili aingie yeye, akataka tumtaje huyo mtu, kisha tukamwambie uso kwa uso. Tukaenda zetu.

Basi nikafanya nilichofanya. Jumapili moja, yeye akiwa kanisani, niliingia jikoni kwake, nikafungua mkebe. Jumamosi iliyokuja ilikuwa ya Kogo. Huko Mlima Elgon alikotoka, Kogo ni bibi, na mtaa mzima tulimwita hivyo. Alikuwa mama mzee aliyeuza maziwa, anaishi peke yake nyuma ya soko. Nilifuta jina la Kogo, nikaandika la Mwenyekiti, Kogo nikamteremsha chini. Nilijiona mwema.

Jumamosi tukafika kwa Mwenyekiti na matofali niliyotafuta mwenyewe, udongo na bomba. Bomba lile nililitengeneza kwa bati jipya, nikalipiga msasa mpaka likatoa mwanga. Yeye alikuwa anatoka na mwiko wake, tayari kwenda kwa Kogo.

"Mbona mnashusha hapa?"

Tukaendelea kushusha. Akaingia, akarudi na daftari, akalielekeza kwenye jua, akaona alama ya ufutio.

"Nani amefuta Kogo?"

Nikanyosha mkono kama mwanafunzi.

"Sababu?"

"Unakohoa, Mama." Siku zote nilimwita Mwenyekiti. Sijui neno hilo jingine lilitoka wapi.

Macho yake mekundu yakajaa. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante, baba," akasema. "Sasa angalia juu." Nikaangalia juu, nikaona mbegu za mtaa mzima. Tungeweka bomba siku ile, zingeliwa zote kabla ya mvua. Nilikuwa nimerudia kosa lilelile, chini ya dari lilelile. "Umeona? Haya, beba."

Tulibeba kila kitu tukapita katikati ya soko, mimi mbele na bomba langu linalong'aa, wauza vitunguu wakiuliza ni sherehe ya nani. Kogo alikuwa amekaa mlangoni. Nikamweleza nilichofanya, maana Mwenyekiti alikataa kueleza kwa niaba yangu.

"Ati ulinifuta?" Kogo akasema. "Kwani mimi ni chaki?" Watu wakaangua kicheko, naye pia akacheka. Kisha akaongeza polepole, "Mimi nimefagia tangu asubuhi. Nikasema labda wamesahau."

Hilo neno la kufagia lilinichoma kuliko cheche yoyote. Jikoni mwake alikuwa ametoa vitu vyote, amemwagia sakafu maji, ameweka kibuyu cha maziwa na vikombe kumi na viwili. Tulijenga mpaka tukamaliza, nami nilipiga magoti kwenye udongo siku nzima. Wakati wa kuondoka Mwenyekiti akaniambia, bila hasira, "Fundi, kutoka leo usiguse daftari." Kitale sikuligusa tena.

Lakini niliuliza. Kwa mara ya kwanza niliuliza kabla ya kupiga nyundo. Nilikwenda kwa Kogo, nikakaa kwenye kigoda, nikamwomba anieleze moshi unafanya nini na mbegu. Akanieleza: unakausha, na unamnyima mdudu hewa. Nikarudi kibandani na maneno hayo mawili. Nilitengeneza pipa la bati lisilo na tundu hata la sindano, kifuniko chake nikakizungushia mpira wa tairi la baiskeli. Mbegu ikikaushwa vizuri juani inaingia, juu yake unaweka mshumaa unaowaka kwenye kibati, unafunga, na mshumaa unamaliza hewa yote ndani kisha unazimika wenyewe. Pipa la kwanza lilihifadhi mbegu ya Kogo. Tulipolifungua kabla ya mvua, aliingiza mkono, akatoa punje, akaiuma. "Iko hai," akasema, nami nikaruka kama mtoto.

Tukatengeneza mengine, kila mtu akileta bati lake, bila kuuza hata moja. Uzi mmoja baada ya mwingine, magunzi yakashuka kutoka dari la Mwenyekiti. Na Jumamosi moja bomba langu la nyumbani likasimama, mke wangu akapiga vigelegele na kusema hata Nuhu alijenga haraka zaidi. Jumamosi iliyofuata daftari lilikuwa na jina moja tu.

Siku ile walikuja wote. Hatukumruhusu aguse tofali. Kogo alimkalisha kwenye kiti mbele kabisa, na kwa mara ya kwanza alikaa, akilalamika. Tulipokwangua masizi tulikuta dirisha ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelisahau. Akasonga ugali wa kwanza kwa mwiko wa shule, ugali wa watu wote, na jiko halikutikisika. Alisimama juu ya sufuria macho makavu, akivuta pumzi ndefu, tena na tena, kama mtu anayeonja kitu. Mimi nililia, na safari hiyo hapakuwa na moshi wa kusingizia.

Alipikia jiko lile muda mfupi tu. Binti yake aliye Bungoma alijifungua mapacha, akamhitaji. Akamwachia Kogo nyumba na dirisha lake, akachukua mwiko na daftari, akaenda.

Mwaka huu binti yake alinipigia simu. Mama amerudia mafiga, akasema, na hasikii la mtu. Nilikasirika mpaka nikasahau kuaga. Nilikuwa na bomba nililolitengeneza siku nyingi kwa ajili yake, nikalifunga kwenye pikapu la jirani, tukashika barabara. Misikhu nikamnunulia ndizi, Webuye mvua ikatupiga, na kabla ya saa sita tulikuwa Bungoma.

Nilimkuta kwenye kibanda cha kupikia nyuma ya nyumba, ameinama anapuliza moto, mwiko umeegemezwa ukutani. Amepungua mwili. Sauti haijapungua. "Fundi! Umenenepa, bana! Njoo umenye!"

"Mama, umerudi kwa moshi."

"Sijarudi. Huku nimehamia tu, na moshi nimeikuta." Akakohoa, akacheka, akanyosha kidole kwenye mlango. Nyuma ya mlango palikuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia. Akatoa daftari lilelile, akafungua kurasa mpya. Majina yalijaa ukurasa na kushuka wa pili. Chini kabisa, kwa penseli, lilikuwa lake.

"Wa mwisho tena?"

"Mimi ndiye nimefika mwisho. Ningejianzia aje?"

"Nimekuletea bomba."

"Mungu ni mwema! Namba moja hana bati."

Nilitaka kupiga kelele. Nilikaa kwenye kigoda, moshi ukaniingia machoni, nikachukua kisu na kumenya ndizi mbili. Nilimfikiria Kogo na sakafu aliyoifagia. Nilitazama juu, safari hii bila kuambiwa, nikaona magunzi, machache, yenye nyuzi za rangi. Nikajua nitahitajika kukata bati la mapipa pia.

"Mtu akiingia kamati yako ya hapa leo," nikauliza, "anaandikwa wapi?"

"Chini ya watu wote. Wewe unajua."

"Basi niandike. Nitakuja kila Jumamosi."

"Jiko yako iko Kitale, na iko na bomba."

"Nitachelewa kujengewa, basi. Andika."

Akanisogezea penseli. Nikairudisha. "Mimi nilikatazwa kugusa."

Macho yake mekundu yakacheka. Akaandika mwenyewe, polepole, herufi kubwa za mtu aliyeandika orodha za chakula maisha yake yote: FUNDI, KITALE. Chini ya jina lake. Akalifunga daftari, akalipangusa kwa leso, akalishika kifuani kidogo. Kisha akaninyoshea.

"Wa mwisho ndiye anashika orodha," akasema.

Nilipangusa mikono kwenye suruali mara mbili kabla ya kulipokea. Lilikuwa jepesi na lilinukia moshi.

"Soma ya kwanza ni nani, na usome kwa nguvu," Mwenyekiti akasema, akichukua mwiko wake. Nikasoma jina kama lilivyoandikwa, nikalitia daftari ndani ya shati, nikabeba bomba begani, naye akatangulia kunionyesha njia.